Mkaguzi ni Sehemu ya Mtambo: Maoni kuhusu Uchumi wa Usindikaji wa Nyama

Kila panapozungumzwa habari ya kuleta teknolojia mpya ya kusindika nyama katika nchi zetu, hesabu ya kwanza inayofanywa ni ile ya bei ya mitambo. Huulizwa chumba cha baridi kitagharimu kiasi gani, mashine za kusaga na kufungasha zitagharimu kiasi gani, na umeme utalipiwa shilingi ngapi kwa mwezi. Hesabu ya ukaguzi huja mwisho, na mara nyingi huja kwa sura ya malalamiko. Mwenye kiwanda huuona ukaguzi kuwa mzigo aliotwishwa na serikali. Mwenye bucha huuona kuwa kodi nyingine. Na wapo hata wataalamu wanaosema kwamba kanuni nyingi huua viwanda vichanga.

Makala haya yanatetea rai nyingine. Katika biashara ya nyama mkaguzi ni sehemu ya mtambo, sawasawa na kisu, barafu na mizani. Mtambo usio na sehemu hiyo haujakamilika, na hasara yake hulipwa na watu ambao hawakushauriwa wakati wa kuununua: mlaji, mfugaji na mchinjaji mdogo. Kwa hiyo swali lenye manufaa ni hili: ukaguzi huo ulipiwe na nani, na upimwe kwa kipimo gani?

Tabia ya nyama

Nyama ni bidhaa yenye tabia zake. Ng'ombe aliye hai ni ghala la nyama lisilohitaji umeme. Kinga ya mwili wake huzuia vijidudu visienee katika misuli, na miguu yake humfikisha sokoni bila lori. Mara anapochinjwa kinga hiyo hukoma. Bakteria waliokuwa juu ya ngozi, ndani ya matumbo au katika mikono ya mchinjaji hupata mahali penye unyevu, joto na chakula tele.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifuata. Baadhi ya bakteria, wakipata joto linalowafaa, huweza kugawanyika mara moja kila baada ya dakika 20. Kwa saa moja bakteria mmoja huwa 8. Kwa saa 4 atakuwa amegawanyika mara 12, na idadi itakuwa 2 kwa kipeo cha 12, yaani 4,096. Katika joto la nyuzi 4 za Selsiasi kugawanyika huko hupungua sana, na aina nyingi zinazoleta maradhi karibu husimama. Hiyo ndiyo siri nzima ya chumba cha baridi: hakiui bakteria, bali kinanunua muda.

Tabia ya pili inawahusu wanafunzi wa uchumi. Mnunuzi wa kitambaa anaweza kukivuta na kukitazama juani kabla ya kulipa. Mnunuzi wa nyama hana uwezo huo. Mabuu ya tegu hujificha ndani ya misuli, na ndiyo sababu mkaguzi hukata misuli ya taya na moyo ili kuyatafuta. Kifua kikuu cha ng'ombe huonekana katika tezi na mapafu, ambayo mteja wa bucha hayaoni kamwe. Kimeta huweza kumwua mchinjaji mwenyewe. Basi muuzaji anajua zaidi ya mnunuzi, na mara nyingine hata muuzaji hajui. Pale ambapo ubora hauonekani, nyama njema na nyama mbaya huuzwa kwa bei moja, na yule aliyegharimia usafi hupata hasara mbele ya yule asiyeugharimia. Muhuri wa mkaguzi ndio unaoondoa kasoro hiyo. Humpa mnunuzi habari ambayo hangeweza kuipata kwa macho yake, na humlinda muuzaji mwaminifu.

Funzo la Chicago

Historia inayotufundisha zaidi juu ya jambo hili ni ya mji wa Chicago, Marekani, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ng'ombe walinenepeshwa katika nchi za magharibi, walaji walikuwa katika miji ya mashariki, na reli iliwabeba ng'ombe wakiwa hai. Njiani wengine walikufa, wengine walikonda, na karibu nusu ya uzito uliolipiwa nauli haukuwa nyama: ulikuwa ngozi, pembe, kwato, damu na matumbo pamoja na kilichomo.

Gustavus Swift, aliyefika Chicago mwaka 1875, alitambua kwamba anayechinja karibu na malisho na kusafirisha mizoga tu ataokoa nauli ya nusu ile. Kikwazo kilikuwa joto. Alimwajiri mhandisi Andrew Chase, naye akasanifu behewa lenye barafu juu karibu na dari. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo ilishuka kati ya mizoga na kuisukuma hewa ya joto juu, kwenye barafu. Sayansi yake ni ile ya darasani. Mapinduzi aliyoyaleta yalikuwa ya uchumi.

Makampuni mengi ya reli yalimpinga Swift, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kutumia fedha nyingi kwa mabehewa na mazizi ya ng'ombe hai. Alisafirisha nyama yake kwa reli ya Grand Trunk iliyopita Canada, ambayo haikuwa na biashara kubwa ya ng'ombe wa kulinda. Ilimlazimu pia kununua mabehewa yake mwenyewe, kujenga vituo vya barafu njiani, na kuweka maghala ya baridi katika miji ya mashariki. Gharama hizi ni zile tunazoziita gharama za kudumu: hulipwa hata siku ambayo hakuna ng'ombe aliyechinjwa. Mwenye gharama kubwa za kudumu hana budi kuchinja wengi kila siku, ili gharama hizo zigawanywe juu ya mizoga mingi. Faida yake nyingine hutoka katika vitu ambavyo mchinjaji mdogo hutupa, kama damu, mifupa na mafuta, ambavyo kiwandani huwa mbolea, gundi na sabuni.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Nyama ilipata bei nafuu mijini. Na biashara yote iliingia mikononi mwa makampuni machache, hata serikali ikalazimika kuyashitaki na hatimaye kutunga Sheria ya Wasindikaji na Mazizi ya mwaka 1921 ili kuzuia njama za bei. Mtambo mkubwa huleta unafuu na ukiritimba katika gari moja. Anayepanga kuuleta yafaa ajiandae kwa vyote viwili.

Soko lilifunguliwa na hadubini

Wengi wamesoma kwamba ukaguzi wa nyama Marekani ulitokana na kitabu cha Upton Sinclair kiitwacho The Jungle, kilichotoka mwaka 1906 na kuonyesha uchafu wa viwanda vya Chicago. Kitabu hicho kilikuwa na nguvu kweli. Rais Theodore Roosevelt alituma wachunguzi wawili, Charles Neill na James Reynolds, na Sheria ya Ukaguzi wa Nyama ikatiwa sahihi tarehe 30 Juni mwaka huo. Lakini habari hii ilianza zamani zaidi, na ilianza katika soko la nje.

Kati ya mwaka 1879 na 1883 Italia, Ufaransa na Ujerumani zilipiga marufuku nyama ya nguruwe kutoka Marekani. Sababu iliyotolewa ilikuwa mnyoo mdogo uitwao trikina, ingawa wakulima wa Ulaya nao walitaka kulindwa dhidi ya nyama ya bei nafuu. Marekani ilibisha kwa miaka mingi kwamba nyama yake ni safi. Ubishi haukufungua mlango. Kilichoufungua ni sheria za mwaka 1890 na 1891, zilizoiamuru serikali kukagua nyama ya kuuzwa nje. Wanawake wengi waliajiriwa kutazama vipande vya nyama ya nguruwe kwa hadubini, kipande baada ya kipande. Mwaka huohuo wa 1891 Ujerumani na Ufaransa ziliondoa marufuku yao.

Hapa ndipo hesabu ya ukaguzi inapogeuka. Katika daftari la kiwanda mshahara wa mtazama hadubini ni gharama. Katika daftari la taifa, mshahara huo ndio bei ya kiingilio cha soko. Ndiyo maana wenye viwanda wakubwa wa Chicago, pamoja na kupinga vifungu kadhaa vya sheria ya 1906, hawakuupinga ukaguzi wenyewe. Walihitaji muhuri ambao wateja wa nchi za nje wangeuamini, na kampuni haiwezi kujipigia muhuri wa namna hiyo.

Nani alipe?

Mgogoro mkubwa wa mwaka 1906 ulihusu fedha. Seneta Albert Beveridge alitaka wenye viwanda walipe ada kwa kila mnyama anayekaguliwa. Wenye viwanda walikataa, na wakashinda: sheria ilitenga dola milioni 3 kwa mwaka kutoka hazina ya serikali. Walishinda pia katika jambo la pili, maana takwa la kuandika tarehe juu ya makopo liliondolewa.

Kwa maoni yangu matokeo ya jambo la kwanza yalikuwa mema, ingawa nia ya walioyapigania haikuwa njema, na matokeo ya jambo la pili yalikuwa mabaya. Tarehe juu ya kopo ni habari ambayo mlaji anaihitaji na haimgharimu mwenye kiwanda ila wino. Kuhusu mshahara wa mkaguzi mambo ni mengine. Mkaguzi anayelipwa na yule anayemkagua huwa na mabwana wawili, na mmoja wao ndiye anayeshika mfuko. Tena, faida ya ukaguzi humfikia kila mlaji na kila mfugaji, hata wale wasiomjua mchinjaji. Kitu chenye faida ya namna hiyo hulipiwa kwa haki na fedha ya umma, kama inavyolipiwa taa ya barabarani.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si wa mahali fulani. Tuseme mkaguzi, maji safi na uandishi wa kumbukumbu hugharimu shilingi 80,000 kwa siku. Machinjio ya kijiji yanayochinja ng'ombe 4 yatatoa shilingi 20,000 kwa kila mzoga. Kiwanda kinachochinja 200, hata kikitumia mara tano ya gharama hiyo, kitatoa shilingi 2,000. Kanuni ni moja, lakini uzito wake kwa mdogo ni mara kumi. Mdogo atafanya nini? Wengi hawatafunga. Watachinja usiku, nyuma ya nyumba, chini ya mti. Kanuni iliyokusudiwa kuleta usafi itakuwa imeiondoa nyama mbele ya macho ya mkaguzi na kuipeleka gizani.

Mashine mpya, hatari mpya

Yapo maelezo ya pili ya kwa nini ukaguzi hauwezi kutengwa na mtambo: kila mashine huleta hatari ya namna yake. Tuiangalie mashine ya kusaga. Kipande cha nyama kikiwa na bakteria, kwa kawaida huwa juu yake, na moto wa jikoni huwafikia kwanza. Nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingia ndani. Tena kiwandani nyama ya ng'ombe wengi husagwa pamoja. Tukikadiria kwamba ng'ombe mmoja kati ya 100 ana bakteria wabaya, mlaji wa kipande cha ng'ombe mmoja ana nafasi 1 katika 100 ya kukutana nao. Lakini rundo lililochanganywa kutoka ng'ombe 100 lina uwezekano wa 1 kutoa 0.99 kwa kipeo cha 100, yaani takriban asilimia 63. Ng'ombe hawakubadilika. Kilichobadilika ni mashine.

Hayo yalitokea kweli Marekani mwaka 1993, ambapo nyama ya kusaga isiyoiva vizuri, iliyouzwa katika mikahawa, iliugua watu zaidi ya 700 kwa bakteria aina ya E. coli O157, na watoto 4 wakafa. Mizoga ilikuwa imepita mbele ya wakaguzi waliofanya kazi kwa njia ya tangu 1906: kutazama, kugusa na kunusa. Bakteria hawatazamwi kwa jicho tupu. Mwaka 1996 kanuni ilibadilishwa, na kila kiwanda kikatakiwa kubainisha hatua zake zenye hatari, kupima joto na vijidudu katika hatua hizo, na kuandika kila kipimo. Njia hiyo ilikuwa imebuniwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wanaanga.

Namna kanuni hiyo ilivyotekelezwa inastahili kuigwa. Viwanda vikubwa, vyenye wafanyakazi 500 au zaidi, viliitwa kuitimiza Januari 1998. Vidogo Januari 1999. Na vile vidogo kabisa, vyenye wafanyakazi wasiofika 10, Januari 2000. Lengo lilikuwa moja kwa wote, lakini wadogo walipewa muda wa kujifunza kutoka kwa waliotangulia.

Mambo ya Afrika Mashariki

Turudi kwetu. Sehemu kubwa ya nyama inayoliwa Afrika Mashariki bado huchinjwa alfajiri na kuuzwa siku hiyohiyo bila kupoozwa. Si haki kuubeza utaratibu huu. Una uchumi wake: ng'ombe hai ndiye ghala, na mteja hununua cha siku moja. Lakini miji imekua, safari kutoka machinjioni hadi bucha imerefuka, na duka la kisasa linataka nyama ikae siku kadhaa. Hapo ndipo baridi inapohitajika, na hapo ndipo njia za mkato zinapozaliwa. Mwaka 2019 nchini Kenya televisheni ilifichua kwamba baadhi ya maduka yalikuwa yakitia nyama dawa ya sodiamu metabisalfaiti ili ibaki nyekundu. Dawa hiyo hurudisha sura ya upya kwa nyama iliyokaa, na huweza kumdhuru mwenye pumu. Kiuchumi ni baridi ya bandia: rangi ya nyama iliyotunzwa bila gharama ya kuitunza.

Funzo la soko la nje nalo limetufikia. Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika mwaka 1998 kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, na ikazuia tena mwaka 2000 ugonjwa huo ulipozuka Saudi Arabia kwenyewe na Yemen. Wafugaji wa Kisomali walikosa soko lao kubwa kwa miaka mingi. Mifugo yao iliruhusiwa tena mwaka 2009, baada ya vituo vya karantini kujengwa katika bandari kama Djibouti na Berbera. Ni habari ileile ya trikina. Na homa hiyo ilipozuka Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, zaidi ya watu 100 walikufa katika kila mojawapo ya nchi hizo, na walaji wengi waliikimbia nyama ya ng'ombe, iliyo salama na isiyo salama.

Viwanda vikubwa tumekuwa navyo pia. Tanganyika Packers ya Kawe, Dar es Salaam, ilitia nyama katika makopo na kuiuza nje. Leo haifanyi kazi. Kamisheni ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950, ilisimama katika miaka ya 1990 na kufunguliwa upya mwaka 2006. Historia ya kila kimoja ina mambo mengi, lakini kanuni ya Swift haikwepeki: mtambo wenye gharama kubwa za kudumu usipopata ng'ombe wa kutosha kila siku hujila wenyewe. Na ng'ombe hawatafika iwapo mfugaji anaona kwamba kuwapeleka penye mkaguzi ni kujitafutia hasara.

Rai

Kutokana na hayo natoa mapendekezo manne. Kwanza, mpango wowote wa kujenga machinjio au kiwanda cha nyama uandike gharama ya wakaguzi, mafunzo yao na maabara katika ukurasa uleule wa bei ya mitambo. Mpango usio na mstari huo usipewe mkopo. Pili, mshahara wa mkaguzi utoke katika mfuko wa umma. Watakaosema kwamba hazina ina shule na hospitali za kugharimia wanasema kweli. Basi mfuko huo uchangiwe na tozo ndogo ya biashara yote ya mifugo, mradi usisimamiwe na wanaokaguliwa.

Tatu, mfugaji ambaye mnyama wake amekataliwa alipwe fidia, hata ya sehemu tu ya thamani yake. Anayejua kwamba atapoteza kila kitu atamficha mnyama mgonjwa, na nyama ya mnyama huyo italiwa na mtu. Nne, kanuni ziwe na lengo moja na ngazi kadhaa. Wachinjaji wadogo wa wilaya moja wasaidiwe kujenga machinjio ya pamoja yenye maji, chumba kimoja cha baridi na mkaguzi mmoja, wagawane gharama ambayo mmoja mmoja hawaiwezi, na wapewe muda kabla ya adhabu.

Sheria hatukosi. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyama tangu mwaka 1972, na Tanzania ilitunga Sheria ya Nyama mwaka 2006 na kuunda Bodi ya Nyama. Lakini sheria isiyo na mkaguzi wa kutosha ni sawa na behewa la Swift lisilo na barafu: umbo lake ni zuri, na nyama iliyo ndani inaoza.

Walimu wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo. Darasa la biolojia lichore mchoro wa ongezeko la bakteria katika nyuzi 4 na nyuzi 30. Darasa la hisabati likokotoe gharama ya ukaguzi kwa kila mzoga katika machinjio ya mji wao. Na darasa la uraia lijadili nani alipe. Miongoni mwa wanafunzi hao watatoka wahandisi wa mitambo ya kesho na watunga kanuni zake, na ni heri wajifunze kazi hizo mbili wakiwa wamekaa dawati moja.